Jamii ngapi zinatosha? Hesabu ya viumbe wa kuchezwa katika michezo ya kuigiza ya mezani

Kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons (kwa ufupi D&D) kilichotoka 2014 kina jamii 9 za viumbe na fani 12. Zidisha, unapata 108. Hiyo ndiyo idadi ya wahusika tofauti ambao mchezaji anaweza kuwaanzisha kabla hata hajafikiria jina, na kila mmoja wa hao 108 ni mahali ambapo kanuni mbili zinakutana na pengine kugombana. Mtunzi anayeongeza jamii ya 10 hajaongeza kitu kimoja. Amejiongezea michanganyiko 12 ya kupima, picha ya kuchorwa, orodha ya majina ya kubuni, na swali ambalo kila msimulizi atalazimika kulijibu: hawa wanaishi wapi, na majirani zao wanawaonaje?

Namba ipo, na tunaitaja mapema ili msomaji asisubiri. Mchezo mpya wa fantasia wenye fani na ngazi (hatua za nguvu ambazo mhusika hupanda kadiri anavyocheza) unakwenda vizuri na jamii 4 hadi 7, binadamu wakiwemo. Chini ya hapo unahitaji kitu kingine cha kuwatofautisha wahusika. Juu ya hapo unahitaji sababu, na "wachezaji wanapenda wingi" peke yake haitoshi.

Kwa asiyeijua michezo hii: watu wanne au watano wanakaa mezani, mmoja wao akiwa msimulizi anayeuelewa ulimwengu wa hadithi na kuwaendesha maadui, na wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Panapokuwa na shaka kama jambo litafanikiwa, dadu inarushwa. Mhusika hujengwa kwa vipande, na vipande vikubwa ni viwili: fani yake (mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi na kadhalika) na aina ya kiumbe alichozaliwa nacho: binadamu, elfi (mwenye masikio marefu na umri mrefu), dwafu (mfupi, mnene, fundi wa mawe) na wenzao. Kipande hiki cha pili ndicho tunachokizungumzia.

Tukiite nini kwa Kiswahili?

Vitabu vya Kiingereza viliita kipande hicho kwa miaka mingi kwa neno lilelile linalotumika kuwagawa watu kwa rangi. Desemba 2022 wachapishaji wa Dungeons & Dragons, Wizards of the Coast, walitangaza kuliacha neno hilo, na kitabu cha 2024 kinasema spishi. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, ilikuwa imeshahama tangu toleo lake la 2019 kwa kutumia neno la nasaba.

Sisi hatuna haja ya kurithi ugomvi wa lugha nyingine, ila tuna mitego yetu. "Kabila" ni neno la watu halisi, lina uzito wake Burundi, Rwanda, Kenya na kwingineko, na kulibandika kwa viumbe wenye pembe na mikia kunaleta utani usioishia mezani. "Mbari" na "ukoo" ni finyu mno: watu wa ukoo mmoja wana babu mmoja, ilhali elfi na dwafu hawana. "Spishi" ni sahihi na kila aliyesoma baiolojia analijua, lakini linanukia maabara. "Jamii" linabeba mwili pamoja na desturi na halimtukani mtu. Hapa tunatumia jamii.

Majina ya viumbe wenyewe nayo yanataka uangalifu. Kamusi za zamani zitakupa "mbilikimo" kwa dwafu. Usilitumie: ndilo jina ambalo Wambuti na Watwa wa misitu ya Kongo wamekuwa wakiitwa na wengine kwa dharau. Jina la elfi, ukiliachia lifuate mazoea ya ulimi wetu, linaishia kuwa "elfu", na msimulizi akisema "maelfu watatu wamesimama mlangoni" meza nzima inapotea. Orki, kiumbe wa vita mwenye meno yaliyochomoza, akiitwa "zimwi" ameshahukumiwa kabla ya dadu kurushwa, kwa kuwa zimwi la ngano zetu kazi yake ni kula watu. Na jini, kwa watu wengi wa mwambao, si kiumbe cha kubuni; husomewa dua, na mwenye imani hiyo huenda asipende kumwona kwenye karatasi akiwa na alama za nguvu na wepesi. Waulize walioko mezani kwanza.

Miaka hamsini ya kuongeza na kupunguza

Dungeons & Dragons ya kwanza, ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilitoka 1974 ikiwa na jamii 4: binadamu, dwafu, elfi na hobiti, kiumbe mdogo kama mtoto, ambaye baadaye alibadilishwa jina akawa haflingi. Kitabu kile kilimruhusu mchezaji kuwa karibu kiumbe chochote, mradi aanze akiwa dhaifu na apande taratibu. Kwa hiyo ubishi wa "nne au zote" una umri sawa na mchezo wenyewe.

Mwaka 1978 toleo lililoitwa la juu (Advanced) lilifikisha 7 kwa kuongeza nomu (mdogo mwenye akili na ujanja), nusu-elfi na nusu-orki. Mwaka 1989 nusu-orki akaondolewa, zikabaki 6. Toleo la tatu, 2000, likamrudisha: 7. La nne, 2008, likawa na 8 na likawaingiza wazawa wa joka na tiflingi (wenye pembe na mkia), huku nomu na nusu-orki wakisubiri kitabu cha pili cha wachezaji mwaka uliofuata. Toleo la 2014 lilikuwa na 9, na la 2024 lina 10, safari hii nusu-elfi na nusu-orki wakikosekana kama jamii zinazosimama peke yake.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba katika nusu karne kitabu kikuu hakijawahi kupita 10. Furiko liko kwenye vitabu vya nyongeza: kimoja cha 2022 kina zaidi ya jamii 30 ndani ya jalada moja. Wachapishaji wenyewe, kwa vitendo, wametenganisha orodha ya mlangoni na ghala la nyuma, na mtunzi mdogo anayenakili ghala akidhani ndio mlango anajitwisha mzigo ambao hata wenye kampuni hawakuubeba siku ya kwanza.

Gharama ya kuzidisha

Rudi kwenye ile 108. Kuna njia ya kuikwepa, na ilipatikana zamani. Seti ya kuanzia ya 1981 ilifanya jamii ziwe fani. Binadamu alichagua kati ya mpiganaji, kasisi, mchawi na mwizi. Dwafu alikuwa dwafu tu, elfi alikuwa elfi, haflingi alikuwa haflingi. Badala ya 4 mara 4, mchezaji mgeni alikutana na vitu 7 tu vya kuchagua, kila kimoja kikiwa kimekamilika. Elfi alipigana kwa upanga na kutupa uchawi, naye akalipia raha hiyo: alihitaji pointi 4,000 za uzoefu (alama za kupandia ngazi) kufika ngazi ya 2 wakati mpiganaji alihitaji 2,000. Kwa vikao vifupi na watu wapya, huu ni muundo ambao bado hatujaona unaoushinda kwa wepesi. Kasoro yake iko wazi: madwafu wote wanafanana, na anayetaka dwafu kasisi hana pa kwenda.

Talislanta ya 1987, iliyojitangaza kwa kujivunia kwamba haina maelfi, ilikuwa na watu wa makumi ya aina. Iliwezekana kwa sababu ileile. Mchezaji alichagua mhusika aliyekwisha kufungashwa, jamii na kazi vikiwa pamoja, kwa hiyo orodha ilikua kwa kujumlisha, si kwa kuzidisha. Ukitaka wingi, hapo ndipo pa kuanzia: ondoa kuzidisha kwanza, ndipo uongeze.

Gharama ya kuoanisha

Hii haionekani kwenye kanuni, na ndiyo inayoua ulimwengu wa hadithi. Kila jamii ina uhusiano na kila nyingine: biashara, vita vya zamani, ndoa, deni, dharau. Idadi ya mahusiano hupatikana kwa kuzidisha idadi ya jamii kwa idadi hiyo kasoro moja, kisha kugawa kwa 2. Jamii 4 zina mahusiano 6. Jamii 7 zina 21. Jamii 10 zina 45. Jamii 30 zina 435.

Mahusiano 6 msimulizi anayakumbuka akiwa usingizini. 21 yanaenea kwenye ukurasa mmoja. 435 hakuna anayeyabeba, na kinachotokea ni kwamba hata moja halibaki na maana. Wahusika wanaingia mjini, wanamkuta mfinyanzi mwenye gamba la kobe, mlinzi mwenye mbawa na mpishi wa chuma, na hakuna anayegeuza shingo. Mchezaji aliyechagua kuwa na mbawa alitaka, angalau mara moja, mtoto wa sokoni amkodolee macho. Wingi umemnyima hilo.

Ndiyo maana kupunguza mara nyingi kunaipa hadithi nguvu kuliko kuongeza. Dark Sun ya 1991, ulimwengu wa jangwa wa D&D, iliwaua manomu na maorki wote kabla hadithi haijaanza, ikawageuza mahaflingi kuwa wala watu, ikaongeza mul (chotara wa binadamu na dwafu anayezalishwa utumwani), nusu-jitu na thri-kreen, wadudu wawindaji. Jumla 8. Namba yenyewe si ndogo, lakini kila moja ya hizo 8 inakwambia jambo kuhusu kiu, utumwa na jua la pale.

Jamii inapaswa kufanya nini?

Masikio marefu si kazi. Jamii inalipa gharama yake pale inapomlazimisha mchezaji kuamua jambo ambalo mwenzake aliye pembeni halazimiki kuliamua, na kumlazimisha kila kikao, si mara moja kwa mwezi.

Mfano bora tunaoujua ni Burning Wheel, iliyotoka mara ya kwanza 2002. Ina jamii 4 kuu: binadamu, elfi, dwafu na orki. Kila moja ina njia zake za maisha ambazo mhusika amezipitia kabla ya hadithi, na kila moja isiyo ya binadamu ina sifa ya moyo ambayo nyingine hazina. Maelfi wana Huzuni, madwafu wana Uchu wa mali, maorki wana Chuki. Sifa hiyo inamsaidia mhusika anapoitumia, na hupanda kadiri mambo yanavyomfika. Huzuni ya elfi ikifika 10, mhusika anatoka mchezoni. Anayecheza elfi hapati haja ya kukumbushwa kwamba yeye ni elfi. Kila msiba unaandikwa kwenye karatasi yake. Nne tu, na hakuna anayelalamika kwamba ni chache.

Upande wa wepesi iko Dragonbane ya 2023, yenye 6: binadamu, haflingi, dwafu, elfi, bata na mbwa-mwitu anayetembea kwa miguu miwili. Kila moja ina uwezo wa asili mmoja au miwili tu, wa sentensi chache. Ni rahisi kudharau ufupi huo mpaka ulinganishe na dwafu wa D&D ya 2014, mwenye kuona gizani, kinga dhidi ya sumu, mafunzo ya silaha, mafunzo ya zana, ujuzi wa mawe, na bado kuna tawi la jamii la kuchagua. Ule ujuzi wa mawe hukumbukwa mara chache mno. Kanuni yetu ni uwezo 2 kwa jamii, usizidi 3, kwa sababu mchezaji anayefuatilia uchawi, silaha na majeraha yake hana nafasi kichwani ya cha nne.

Kuna pia jamii inayolipa gharama kwa swali lililo ndani yake. Warforged wa Eberron, ulimwengu mwingine wa D&D wa 2004, ni viumbe wa mbao, mawe na chuma waliotengenezwa kwa ajili ya vita. Vita vikaisha, mkataba wa amani ukawapa uhuru. Kiumbe aliyetengenezwa kuua afanye nini wakati wa amani? Mchezaji akiichagua jamii hiyo, tayari ameleta hadithi mezani, na msimulizi amepunguziwa kazi.

Tatizo la binadamu

Kila orodha inaanguka au kusimama hapa. Wengine wanaona gizani, wanaishi karne saba, wanatema moto. Binadamu ana nini?

Jibu la kwanza, la 1974, lilikuwa dari. Binadamu alipanda ngazi bila kikomo; dwafu mpiganaji aliishia ya 6 na hobiti ya 4. Kwenye karatasi inaonekana haki. Mezani inafeli kwa njia mbili zinazopingana. Kampeni, yaani hadithi moja inayochezwa kikao hadi kikao, ikiisha mapema, dwafu amekula faida zake zote na hajalipa chochote. Ikidumu, mchezaji wake anakwama huku wenzake wakipaa, na kosa lake ni chaguo alilofanya mwaka mzima uliopita. Adhabu inayokuja kwa kuchelewa si mizani.

Toleo la 2000 lilifanya vizuri zaidi: binadamu alipata kipaji kimoja cha ziada mwanzoni, pointi 4 za ustadi na nyingine 1 kila ngazi. Kisha 2014 ikarudi nyuma kidogo kwa kumpa wa kawaida ongezeko la 1 kwenye sifa zote sita, jambo lisilo na ladha, na kwa pembeni ikaruhusu binadamu mbadala mwenye kipaji tangu ngazi ya 1, wakati wengine walisubiri hadi ya 4. Huyo mbadala akawa chaguo la kila anayepiga hesabu. Mwaka 2024 kipaji cha mwanzo kilitolewa kwa wote kupitia historia ya mhusika, binadamu akapewa cha pili.

Kuna njia nyingine tunayoipenda zaidi: usimpendelee binadamu kwa nguvu, mpendelee kwa idadi. Katika toleo la nne la Warhammer Fantasy Roleplay, la 2018, mchezaji anaweza kurusha dadu ya pande 100 ili kupata jamii yake. 1 hadi 90 ni binadamu, 91 hadi 94 haflingi, 95 hadi 98 dwafu, 99 elfi wa juu, 100 elfi wa msituni. Akikubali kilichotoka anapewa pointi 20 za uzoefu. Akitaka kujichagulia anaruhusiwa, ila pointi hizo anazikosa. Elfi anabaki nadra bila kukatazwa, na binadamu hahitaji kubembelezwa.

Uwezo unaoharibu meza

Kuruka tangu ngazi ya 1 ndio mkosaji mkuu. Shimo, ukuta, mto, mlinzi mwenye rungu: nusu ya vikwazo vya vikao vya mwanzo vinadhani miguu iko chini. Aarakocra, ndege-watu wa toleo la tano (lile la 2014), waliruka futi 50 kwa zamu kabla ya kushushwa hadi 30 mwaka 2022, na hata 30 inatosha kumaliza pambano na adui asiye na upinde. Ukitaka mbawa, ziache ziruke umbali mfupi na kutua mwisho wa zamu, kisha zikomae ngazi ya 5 au zaidi.

Kuona gizani kunaharibu kwa ukimya. Kati ya jamii 9 za 2014, 6 zina uwezo huo. Kati ya 10 za 2024, 7. Kundi la watu wanne likiwa na watatu wanaoona gizani, mwenge unakuwa aibu ya mtu mmoja, naye ataambiwa auzime kwa sababu unawavutia maadui. Giza, kitisho kikongwe kuliko vyote katika hadithi, linageuka usumbufu wa binadamu mmoja. Jamii 1 au 2 kwenye orodha nzima zinatosha kuona gizani. (Wasimulizi wengi pia husahau kwamba katika D&D anayeona gizani huona kama kwenye mwanga hafifu, na uangalifu wake hupungua. Kanuni hiyo ikifuatwa, giza linarudishiwa meno kiasi.)

Nyongeza za sifa ni ubishi mrefu zaidi ya ukubwa wake. Mhusika mwenye nguvu 15 akipewa 2 na jamii yake anafika 17. Tofauti kwenye dadu ya pande 20 ni 1, yaani 5 kwa 100. Kidogo hivyo, lakini kinatosha kuwafanya wachezaji wote wa nusu-orki wawe wapiganaji na wote wa nomu wawe wachawi, na ghafla ile 108 imekuwa 20 hivi zinazochezwa kweli. D&D iliruhusu kuzihamisha nyongeza hizo 2020 na kuzitoa kabisa kwenye jamii 2024. Ni uamuzi sahihi, ila una bei: namba zikiondoka, jamii isiyo na uwezo wa kipekee inabaki picha tupu. Ukizitoa nyongeza, rudi upime kila jamii upya.

Umri nao husahaulika. Elfi wa 2014 anaishi hadi miaka 750, dwafu kama 350. Kwa nini basi elfi wa miaka 120 yuko ngazi ya 1 pamoja na binadamu wa 19? Ama toa jibu ndani ya kitabu, ama punguza umri. Kukaa kimya kunamwachia kila msimulizi aone haya peke yake.

Machotara

Ukiwa na nusu-elfi na nusu-orki, mchezaji wa tatu atauliza kuhusu nusu-dwafu, na ana haki. Hesabu ni ileile ya mahusiano: jamii 7 zinaweza kuzaa machotara 21, na kuandika wawili tu ni kusema kwamba mchanganyiko mwingine hauwezekani, bila kueleza. Pathfinder ya 2019 ilitengua fundo hilo vizuri. Ina jamii 6 kwenye kitabu kikuu, kila moja ikiwa na matawi kama matano ya kurithi, na nusu-elfi na nusu-orki ni matawi ya binadamu badala ya jamii zinazosimama peke yake. Mhusika kisha anaongeza vipaji vya nasaba ngazi ya 1, 5, 9, 13 na 17, akichota upande wowote wa damu yake.

Muundo huo unajibu pia hofu kwamba orodha fupi inafanya wahusika wagongane. Wachezaji 4 wakichagua kwa kubahatisha kati ya jamii 6, uwezekano wa wote kutofautiana ni kama 28 kwa 100. Panda hadi jamii 10 na bado ni kama 50 tu. Madwafu wawili watakaa meza moja, upende usipende. Swali ni kama watakuwa madwafu wawili tofauti. Kina ndani ya jamii kinatibu hilo. Urefu wa orodha hautibu.

Na sifuri je? Inawezekana. Pendragon ya 1985 haina jamii ya kuchagua. Wahusika ni mashujaa wa farasi, binadamu wote. Wanatofautishwa na jozi 13 za tabia zinazopingana, kama ukarimu na uchoyo, zenye namba zinazoweza kumshinda mchezaji mwenyewe na kumfanya shujaa wake atende asichotaka. RuneQuest ya 1978 ina viumbe wengi, bata wakiwemo, lakini mzigo wa tofauti umebebwa na utamaduni na madhehebu. Kama una chombo chenye nguvu hivyo, jamii ni anasa.

Kupima orodha yako

Andika kila jamii kwa mstari mmoja unaoanza hivi: "Kila kikao, huyu analazimika…" na umalizie kwa kitenzi. "Analazimika kuwa mrembo" si jibu. "Analazimika kulala majini, la sivyo asubuhi anaamka dhaifu" ni jibu. Jamii mbili zikipata kitenzi kimoja, ziunganishe. Kisha funika majina, msomee mtu asiyehusika uwezo wa kila moja, naye aseme ni nani. Akikosea mara mbili kwa jamii ileile, jamii hiyo bado haijazaliwa.

Cheza vikao vitatu: kimoja kila mtu jamii yake, kimoja wawili wakiwa jamii moja, kimoja binadamu watupu. Cha tatu ndicho watunzi hukiruka, na ndicho kinachofundisha zaidi. Kikao cha binadamu watupu kikichosha, ugonjwa uko kwenye fani au kwenye kanuni za msingi, na jamii zilikuwa zinaufunika.

Zipo mbinu za kununua uwezo kwa pointi, kama ile ya mwongozo wa jamii wa Pathfinder wa 2012. Zitumie kama rula ya kwanza tu. Pointi zinadhani kila uwezo una thamani moja kila mahali, ilhali kupumua majini ni pambo katika hadithi ya jangwani na ni uhai katika hadithi ya visiwani.

Kwa msimulizi anayetumia mchezo ulioandikwa tayari, njia nyepesi ni kuuliza kabla ya kuchora ramani. Kila mchezaji ataje jamii 2 anazozitaka. Chukua 1 ya kila mmoja, ongeza binadamu, na huo ndio ulimwengu wako wote. Kwa wachezaji 4 unapata jamii 5 na mahusiano 10. Andika sentensi moja kwa kila uhusiano, kazi ya nusu saa: madwafu wanawadai wanamaji kodi ya bandari, maelfi hawali chakula kilichopikwa na binadamu. Jamii nyingine za kitabuni si kwamba zimekatazwa, hazipo tu.

Mchezaji akishikilia kiumbe nje ya orodha, mruhusu awe wa pekee, aliyepotea njia, asiye na kijiji wala jamaa anayejulikana. Mmoja anavumilika kwa sababu haleti jamii nzima nyuma yake. Wakiwa wawili wameshakuwa jamii. Na mchezaji mpya akijiunga katikati ya kampeni, mwoneshe kwanza zile 5 zilizopo. Akichagua ya sita, una mahusiano 5 mapya ya kuandika kabla ya kikao kijacho. Mpe yeye aandike mawili.